Redio ya Mama Ambakisye

Ndani ya chumba kimya cha Maabara ya Mawimbi, jijini Mbeya, hakuna wimbi linaloingia wala linalotoka. Kuta zake zimevikwa miiba ya sponji nyeusi inayomeza kila mnong'ono wa mitambo. Humo roboti mpimaji, lenye mikono sita, hukutanisha vifaa visivyotumia waya kabla havijaruhusiwa mjini. Je, vinaelewana? Je, kimoja hakitamdhuru mwenye kingine?

Siku hiyo roboti lilishika redio kuukuu. Nje ya dirisha la kioo walisimama mhandisi Tumpale na mama mkwe wake, mwenye redio. Mtandao mpya wa jiji haukuelewana na kituo cha Mwezini, kilichojengwa zamani, na mitambo ya kukibadilisha ingepelekwa mwakani. Kwa hiyo redio ile ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuzungumza na Ambakisye, mume wa Tumpale, aliyekuwa huko. Bila muhuri wa maabara, isingeruhusiwa kuwashwa mjini.

"Piga muhuri twende nyumbani, mwanangu," mama alisema. "Au mpaka nikuhonge ndizi?"

"Mama nawe! Ngoja kipimo kiishe."

Roboti lilisogeza kisaidiamoyo, kidude kidogo kama kifungo cha shati, kinachopandikizwa kifuani ili kuusukuma moyo uliochoka. Mama alikuwa nacho cha aina hiyohiyo. Redio ikawashwa. Kwenye kioo cha vipimo, mstari wa mapigo ukakatika, ukarudi, ukakatika tena.

Tumpale alimgeukia. "Mama, Ambakisye akipiga, huwa unajisikiaje?"

"Moyo unaruka! Mara nyingine naona kiza, inabidi nikae chini." Mama alitabasamu kwa haya. "Si furaha hiyo? Mtoto yuko Mwezini, ananiita mama."

Tumpale alimshika mkono, akamwonyesha ule mstari. Mama aliutazama mpaka tabasamu likamwisha.

"Kumbe," alisema. "Basi unizimie hiki cha kifuani, kwa dakika zile tu."

"Siwezi, mama."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukilia. Nitaipandisha redio mlimani, kusiko na nyumba, nizungumze naye mimi."

"Na mimi nisikilize kwa simu?"

"Redio ikiwaka, simu zote za karibu hunyamaza. Hata vinasa sauti vya siku hizi, kwa kuwa vyote ni vya mtandao, navyo hunyamaza. Nitayashika maneno yake kichwani, nije nikusimulie."

Mama alijifunga upya kanga kifuani, juu ya kile kidude.

"Kicheko chake nacho utanisimulia?"

Tumpale alijaribu. Alivuta pumzi, akakitafuta kile kicheko kinachoanzia puani kabla ya kufunguka. Kikatoka kibovu.

"Hapana, sivyo," mama alisema, machozi yakimlengalenga. "Jaribu tena."