Goti la Dolma

Zama zile chai ya Uchina ilipokuwa ikipandishwa milima ya Tibeti migongoni mwa nyumbu, fundi wa sanamu wa bonde la Drakmar alikuwa Rabten, na sitaki mtu anibishie: hakuwa na mfano. Mkewe Yudron alipofariki, Rabten alizisaga bangili za marehemu za dhahabu, akazichanganya na zebaki, akaipaka sanamu ya shaba ya Dolma, mama wa huruma, katika hekalu la bonde. Kisha akaichoma hadi zebaki ikatoka kama moshi, dhahabu ikabaki. Tangu hapo kila asubuhi alipita hekaluni kumsalimu mkewe katika dhahabu ile.

Mwaka wa tatu likaja jeshi la mfalme jirani, deraya za ngozi mwilini, mikuki begani. Kila hekalu walilolipita walikwangua dhahabu ya sanamu kwa visu. Rabten aliposikia, alikoroga masizi na gundi ya ngozi, akampaka Dolma tangu taji hadi miguu.

“Fundi, unamzika mkeo mara ya pili,” alisema Choezom, mtawa mlinzi wa hekalu.

“Heri nimzike mimi kuliko wamchune wao.”

Jemadari alipoingia, aliitazama sanamu nyeusi, akaipa kisogo. Macho yake yakaangukia mikono ya Rabten, yenye makovu ya moto.

“Huyu ni fundi,” akasema. “Mfungeni, twende naye.”

Miaka ishirini na sita, jamani, alimfulia mfalme yule vipini vya panga. Sura ya Yudron ikamtoka akilini kidogo kidogo, na hilo lilimuuma kuliko minyororo. Akaapa kwamba akirudi ataosha masizi siku hiyohiyo.

Mfalme akafa, mateka wakaachiwa. Rabten aliingia hekaluni na ndoo ya maji moto. Dolma alikuwa mweusi vilevile, isipokuwa goti moja lililong'aa. Kila aliyekuja kuomba aliliegemeza paji la uso hapo, na masizi yakalika.

“Wengi ni wajane,” alisema Choezom, sasa kikongwe. “Wanaamini mng'ao huo umetokana na machozi yao. Ukimwosha, fundi wangu, nitawaambia nini?”

Rabten aliutazama sana ule uso mweusi. Akaitua ndoo, akapiga magoti, akaweka paji lake pale. Goti lilikuwa na joto bado. Mama mmoja alikuwa ametoka kuinuka hapo.

“Nimerudi, Yudron,” akasema, na maji yakapoa ndooni.