Ile Programu ya Mizani Niliyoiacha Bila Sharti

Nina miaka thelathini na mitano, sijaolewa, na huku kwetu Kangundo kuna watu ambao mpaka leo hawaitikii salamu yangu. Ninyi mnaosoma, nisikilizeni kabla hamjanihukumu.

Miaka ile kompyuta zilipoanza kufika vijijini, mimi na mchumba wangu Mutua tulikuwa tumemaliza chuo Machakos mjini. Faktori yetu ya kahawa, pale wakulima wanapopeleka mazao kupimwa, ikapata kompyuta moja, nami nikaiandikia programu ya kupima mazao. Zamani karani alikuwa akitangaza kilo kwa sauti, foleni nzima isikie. Nilitaka programu yangu iwe vivyo hivyo: yeyote asome maandishi yake ya ndani, aibadilishe, aigawe. Na sharti moja... atakayeibadilisha na kuigawa, naye aonyeshe alichobadilisha.

Programu huru, ndivyo nilivyoiita. Mutua alicheka.

"Wewe na hiyo haki yako! Wacha ikuwe wazi tu. Mafundi wengi wakiiona, itarekebishwa haraka. Hiyo sharti itafukuza watu."

Kwake uwazi ulikuwa njia nzuri ya kufanya kazi. Kwangu ulikuwa haki ya mkulima anayepimiwa. Tofauti hiyo niliiona... lakini nilikuwa nimependa! Nikaliondoa sharti.

Msimu uliofuata Mutua aliichukua programu, akaibadilisha, akaifunga asiione mtu, akawauzia wakubwa wa faktori. Hakuvunja sheria yoyote. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango! Karani akaacha kutangaza kilo, eti mashine imeshasema. Foleni ikawa kimya. Kimya kile kilinitisha.

Kisha baba akapima gunia lake kwenye mizani ya dukani kabla ya kulipeleka. Mizani ya faktori ikasoma pungufu. Akarudia siku nyingine... pungufu tena! Majirani wakajaribu, nao yakawa yaleyale.

Akanijia, wenzake wakiwa nyuma yake.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, hii kitu ni wewe ulitengeneza. Ifungue tuone."

Nifungue nini, jamani? Niliyoandika mimi niliwaonyesha yote, lakini iliyokuwa ikipima haikuwa tena ile. Nikamwambia baba sijui kilichomo ndani. Akaniuliza:

"Na mimi nitajua aje kama unasema ukweli?"

Nikachukua simu nimpigie aliyeibadilisha. Mutua alikuwa ameshahamia mji wa Mlolongo, simu yangu hapokei. Asubuhi nikasikia panga shambani. Baba alikuwa akiikata mibuni... ile ile iliyonisomesha!

Ndugu zangu, msidanganywe kwamba kuona leo kunatosha. Ulizeni kama atakayepokea kesho ataruhusiwa kuona pia, na ni nani atakayemlindia haki hiyo. Msiiache mikononi mwa mtu kwa sababu tu mnampenda!

Baba bado tunaishi naye. Nikimletea sukari na kumwambia ni kilo mbili, huiinua kwanza kwa mkono, akaisikilizia uzito.