Kikopo cha Peremende

Siku hiyo foleni ya malori ilikuwa imetoka nje ya mji wa Malaba, na kila hoteli ilijaa madereva. Naliaka aliingia katika mojawapo akiwa na furushi la vitenge, gauni lake la njano likimkaa vizuri kiunoni. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, mbele ya dereva mrefu aliyekuwa akila samaki.

"Boss, nisogezee chumvi."

"Chukua yote, dada. Mimi situmii."

"Ati hutumii? Mtu gani huyu anakula samaki bila chumvi?"

"Nitafute chumvi ya nini, na utamu umekaa hapa mbele yangu?"

Naliaka alicheka hadi furushi likamponyoka mapajani. Dereva akalidaka. Aliitwa Echodu, kwao Moding. Naliaka aliuza vitenge sokoni Busia, kwao Bumala. Chakula kilipoisha walikuwa wamepeana namba za simu.

Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Umevuka?"

"Bado. Niko kwa foleni nawaza shingo yako."

"Waza barabara, wewe!"

Lakini Echodu alikuwa na siri. Kliniki ilikuwa imemwambia ana presha ya juu, apunguze chumvi na ameze kidonge kila siku. Chumvi aliikwepa kwa mzaha. Vidonge ndivyo vilivyomtia aibu. Madereva wenzake walisema mwenye presha hunyang'anywa funguo za lori, na kwamba dawa zake humaliza nguvu za kiume. Basi akavitoa kwenye pakiti yake na kuvitia ndani ya kikopo cha peremende. Kila jioni simu yake ilipolia kengele, aligeuka upande na kumeza.

Naliaka aliona. Katika mji wa madereva, mtu akimeza kidonge kila jioni kengele ikilia, watu hawamuulizi. Wanadhani wanajua.

"Echodu, unameza nini?"

"Vitamini tu, mpenzi."

"Vitamini za kugeukia ukuta? Niambie ukweli. Kama ni virusi, niambie."

Echodu alishusha pumzi, karibu acheke. "Hicho ndicho kinachokusumbua? Twende tupime sasa hivi."

Wakaenda kliniki, wameshikana mikono. Majibu yalitoka, wote wawili hawana virusi. Naliaka alilia kwa furaha. Kwenye meza ya pili muuguzi aliinua kitambaa cha kupimia.

"Na presha je? Ni bure."

"Tumemaliza, dada," Echodu alisema haraka, akimvuta Naliaka mlangoni.

Walipofika kwenye daraja la mto Malaba, Naliaka aliuliza tena, safari hii kwa utani. "Sasa zile vitamini zako?"

"Hizi?" Akakitoa kikopo mfukoni, akakitupa majini. "Nitakunywa wewe."

Majuma yakapita naye akajiona mzima kabisa. Kichwa hakikuuma, mikono haikutetemeka. Akajiambia kwamba kumbe wale wa kliniki walizidisha. Hakujua kwamba presha haibishi hodi.

Siku ya Echodu kwenda kujitambulisha Bumala ikafika. Mama yake Naliaka alichinja kuku, wajomba wakakaa mapema kwenye viti vya kukodi. Naliaka alivaa kitenge cha zambarau chenye mabega yaliyotuna, alichokishona mwenyewe. Simu ikalia.

"Echodu! Uko wapi? Wazee wamekaa!"

"Na... lia... nnsh..."

"Unasema nini?"

"Nnsha... nnsha..."

Sauti ilikuwa nzito, ulimi ukiburuta. Damu ilimpanda Naliaka usoni.

"Umelewa! Leo! Wazazi wangu wanakungoja, na wewe umekaa kwa chungu cha pombe na mrija mdomoni?"

"Nnsha..."

"Usinipigie tena!" Akazima simu, akarudi ndani kuwadanganya wajomba kwamba lori limeharibika njiani.

Lori lilikuwa zima, limesimama Malaba. Jioni rafiki wa Echodu, Salim, alipofungua mlango wa lori ndipo alipomkuta Echodu ameangukia usukani, suti mpya mwilini, mdomo umekwenda upande. Hakuwa amegusa pombe. Kilikuwa kiharusi.

Naliaka alipofika hospitalini daktari alimweleza bila ukali.

"Dawa ya presha haiachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Presha hupanda hata mtu akijisikia mzima. Na ulimi ukianza kuburuta ghafla, mtu akimbizwe hospitali papo hapo. Kila dakika ina maana."

Naliaka alikuwa akihesabu saa za mchana ule, akishindwa.

Sasa kila Jumapili yeye hupanda pikipiki hadi Moding. Wajomba wake wamemwambia akome, maana hakuna mahari iliyotolewa na mwanaume mwenyewe hainui mkono wa kulia. Yeye huenda. Hakuna anayetaja harusi, wala Echodu mwenyewe.

Jumapili moja alimlisha ugali na mboga isiyo na chumvi, akamfuta kidevu, kisha akauliza jambo lililomkaa kooni.

"Siku ile kwa simu. Ulikuwa unaniambia nini?"

Echodu alitikisa kichwa.

"Sema tu. Leo nasikiliza."

Alihangaika sana. Mdomo ulipinda, jasho likamtoka. Naliaka aliinama hadi sikio likagusa midomo yake.

"Ni... sai... die."

Simu ikalia kengele. Naliaka akatoa kidonge kwenye pakiti yake, akampa, kisha akashika bilauri kwa mikono miwili ili maji yasimwagike.