Mita Mia Tano na Mbili

Aliilaza rula ya skeli juu ya ramani kwa mara ya tatu, akaandika tarakimu pembeni kwa penseli, akajumlisha. Jibu halikubadilika. Uwanja wa pamoja wa zile nyumba ishirini na nne, wa watoto kucheza na wazee kupunga upepo, ulikuwa mita za mraba mia tano na mbili. Kanuni zilitaka mia sita. Na pale chini, kwa mwandiko aliouzoea kuliko wa baba yake, msanifu majengo alikuwa ameandika mia sita na ishirini.

Mwenye mwandiko alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya vibali vya ujenzi, mikono ya shati jeupe imekunjwa hadi kwenye viwiko, nyuma yake foleni imefika mlangoni. Walikutana hapa hapa miezi mitano iliyopita, siku msanifu alipoangusha furushi la ramani katikati ya watu. "Dada, samahani, inua mguu kidogo, umekanyaga jiko la mteja wangu," alimwambia, naye akacheka kabla hajakumbuka kwamba kazini huwa hacheki. Jumapili hii ndiyo ilikuwa siku ya kumpeleka nyumbani, ajitambulishe kwa baba.

"Umeongeza," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nimeongeza nini?"

"Mita mia na kumi na nane."

"Acha utani, Mama Rula." Kaunta nzima ilimwita hivyo, ingawa hakuwa na mtoto.

"Natania? Uliniletea mimi ukijua nitafumba macho?"

Uso wa msanifu ulibadilika. "Kumbe ndivyo unavyonijua." Akageuka, akapasua foleni, ramani akaiacha hapo hapo.

Yeye akaandika ripoti: vipimo vya uongo. Kwa maneno hayo matatu mtu hunyang'anywa leseni. Akaipeleka mezani kwa mkuu wa idara. Kamati ya vibali ingekaa saa nane mchana.

Akampigia msanifu. Simu iliita hadi ikakata. Ilipolia yake, alikuwa dada yake mkubwa.

"Shemeji anakula pilipili?"

"Dada, usipike."

"Makubwa! Mmegombana?"

"Nikitoka kazini nitakwambia."

Alirudi kwenye ramani bila sababu, kama mtu anayegusagusa jino linalouma. Akapima mlango wa nyumba ya kwanza. Sentimita themanini na moja. Wa pili, themanini na moja. Akaiweka rula chini. Jioni nzima waliwahi kubishana juu ya milango, na msanifu aliapa kwamba hatachora hata mmoja chini ya tisini, kwa sababu kiti cha magurudumu cha mama yake hakipiti.

Akachomoa hati ya kiwanja. Mpaka wa mbele: mita themanini. Rula ilisema sabini na mbili.

Ardhi hainywei kama nguo. Kilichonywea ni mchoro: mashine ya kuchapisha ilikuwa imeubana uenee kwenye karatasi ndogo, kila urefu ukapungua sehemu moja ya kumi. Uwanja wenyewe ulikuwa mia sita na ishirini kweli, kama ulivyoandikwa. Kila mfanyakazi mpya wa ofisi ile alifundishwa naye kuanza na mpaka. Leo ameanza na uwanja, akaupima mara tatu; mpaka hakuupima hata mara moja. Faili lilikuwa la mpenzi wake. Alitaka aone kosa upesi, asije mtu akasema anampendelea.

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika kumi. Akapanda ngazi mbili mbili, viatu mkononi. Mkuu alikuwa ameshika muhuri.

"Mzee, naomba ripoti yangu. Nimekosea."

"Wewe?"

"Mimi. Na faili lenyewe halikupaswa kunifikia. Msanifu huyu ni mchumba wangu."

Mkuu akavua miwani. "Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Umepitisha mafaili yake mangapi?"

"Hili ndilo la kwanza."

Mzee aliuweka muhuri chini. "Utaandika yote hayo kwa barua. Faili nampa mwenzako, na kaunta utaisahau kwa mwezi mzima."

"Sawa, mzee."

Saa kumi na nusu msanifu alirudi kuchukua ramani yake, akamkuta ameketi ngazini nayo mapajani. Mama Rula akamweleza yote, ya mpaka na ya barua, bila kujitetea.

"Karatasi kubwa ziliisha," msanifu alisema taratibu. "Nikachapisha kwa haraka, sikuangalia." Akaitazama ramani. "Lakini uliniita mwongo."

"Nilikuita."

"Mbele ya watu."

"Nisamehe." Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Na nyumba tatu zimeupa uwanja mgongo. Milango ya mbele inatakiwa iutazame."

"Hata ukiomba msamaha unanikagua?"

"Sikagui tena. Nakwambia tu, mwenzangu asikurudishie ramani."

Msanifu akashusha pumzi, akaketi ngazi moja chini yake, akatoa penseli. Mlango wa kwanza uligeuka bila taabu. Wa pili ukagonga ngazi za ndani; wakasogeza jiko, bafu likakosa dirisha, wakafuta. Mlinzi akaja na funguo.

"Wapendwa, nafunga."

"Iliyobaki kesho," msanifu alisema, akisimama. "Bado nina hasira, ujue."

"Najua."

"Jumapili nakuja nayo hivyo hivyo."

Akaikunja ramani, milango miwili ikiwa bado imetazama ukuta.