Tulikwenda Komoro Kumcheza Mwali

Wazazi wangu na wenzangu wa Kibaha na Kisarawe, wanaostahili shikamoo nawapa, na wengine mambo zenu. Mimi naitwa Yasmin, nasoma kidato cha tatu. Nikisimamishwa mbele ya darasa natoa sauti ya mbu, ndo maana haya nayaandika. Kwenye karatasi hamna wa kunikatiza.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Tulikuwa Masaki kwa Bibi Mwanamkuu, mama yake mama yangu. Siyo Masaki ya Dar yenye maghorofa. Masaki yetu ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Bibi alikuwa anabangua korosho barazani, mikono kaipaka majivu utomvu usimbabue. Mama anamenya mihogo. Mimi nalishwa korosho zilizovunjika, kwa sababu Bibi anasema mke mwenza lazima anenepe, asije akasemwa kwamba ananinyima.

Simu ya Bibi ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka Komoro. Huko ndiko aliko mdogo wake, Bi Sikudhani, aliyeolewa na Mkomoro zamani sana na hajawahi kurudi. Anayetuma ni binti yake, Moinaecha. Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao, na siku hiyo upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Alisema hivi:

"Mama yu mwali sasa. Ndani tu, hatoki. Mama mkubwa njoo, usichelewe, unangojewa wewe."

Kwa msiojua mambo yetu: kwetu binti akivunja ungo anawekwa ndani, anaitwa mwali, na hatoki mpaka achezwe ngoma. Moinaecha ana binti mkubwa. Basi wote pale tukasikia: "Mama, yu mwali sasa." Yaani binti kawekwa ndani, na bibi mkubwa anaitwa kumcheza.

Mama akapiga kigelegele. Bibi peke yake hakucheka.

"Mbona anaongea kama anayelia?"

"Upepo huo, mama," alijibu Mjomba Maneno, ambaye alikuwa ndo kwanza anashuka kwenye pikipiki.

Huyu Mjomba Maneno ni mtoto wa kiume pekee wa Bibi. Anauza simu na makava Maili Moja, na ana ukurasa wake mtandaoni wenye watu wengi. Si mtu mbaya. Ila ana ugonjwa ambao na wewe unayesoma pengine unao: kitu kisipopigwa picha, kwake hakijatokea. Aliposikia Komoro, macho yalimwaka kama taa za pikipiki yake.

"Mama, hii niachie mimi. Tunakwenda kuzunguka nchi nzima. Hamna mtu wa Kibaha aliyeposti Komoro."

"Mimi nataka kwenda kwa Siku tu," alisema Bibi.

"Utafika, mama. Si ndo huko huko?"

Hapo ndipo safari ilipoharibika, ndugu zangu, hata hatujakata tiketi. Hela ilikuwa ya Bibi, jasho la korosho zake. Safari ikawa ya Mjomba.

Bi Sikudhani siku zote tulijua anaishi Moroni, mji mkuu, kwa binti yake. Mjomba akapanga: tushukie Moroni, tuzunguke kisiwa kile kwa gari, tuvuke kisiwa cha pili kwenye hoteli ya ufukweni, halafu turudi. Akamwandikia Moinaecha: "Tunakuja na shangwe." Naye akajibu kwa kifupi: "Mwali, msisahau. Mwali."

"Hatusahau mwali!" Mjomba akacheka, akatuonyesha wote.

Mimi jibu lile lilinikaa vibaya. Mtu anayealika ngoma hasemi "msisahau" mara mbili. Nikafungua ramani kwenye simu ya mama. Nchi ya Komoro ina visiwa vitatu: Ngazija penye Moroni, Nzuani, na kile kidogo kuliko vyote. Kimeandikwa Moheli, lakini wenyewe wanakiita Mwali.

"Mama yu Mwali sasa." Yaani mama yuko Mwali. Mama mwenyewe ndo yuko ndani, ndo hatoki.

Nikaenda kusema. Sebuleni kwa Mjomba, Maili Moja, alikuwepo na rafiki yake Latifu, anayechapa fulana.

"Mjomba, samahani. Mimi naona Mwali ni kisiwa."

"Ni nini?"

"Ni kisiwa. Bi Siku yuko huko. Labda anaumwa."

Wakatazamana. Halafu Latifu akaanguka kwenye kochi kwa kicheko.

"Kisiwa kinaitwa Mwali! Basi mji mkuu wake Kungwi!"

"Na uwanja wa ndege unaitwa Unyago," Mjomba akadakia. "We mtoto, jiografia yako ilikupa ngapi?"

"Piga simu basi, Mjomba, uulize."

"Nimepiga, haipatikani. Watu wako kwenye ngoma."

"Yasmin, mheshimu mjomba wako," alisema mama.

Latifu akachapa fulana za safari, za njano, zimeandikwa kifuani TUMEKUJA KUMTOA MWALI. Siku ya kufunga mizigo begi likazidi uzito. Mjomba akatoa mfuko wa korosho ambazo Bibi alizibangua mwenyewe kwa ajili ya mdogo wake. Fulana zikabaki begini. Na pasi zetu zote za kusafiria akazikusanya akazitia kwenye mkoba wake wa kiunoni. Eti sisi wanawake tutazipoteza.

Tukiwa kwenye foleni uwanja wa ndege nikasema tena. "Mjomba, tuulize hata hapa. Kuna Wakomoro kibao kwenye foleni."

"Ukinitia aibu mbele za watu, unarudi Kibaha na bajaji."

Tukaruka. Ngazija ni nzuri, siwezi kudanganya. Mawe meusi ya volkano yanaingia mpaka baharini, na mchanga karibu yake mweupe kama unga wa muhogo. Lakini uwanjani hakuna aliyetupokea. Mjomba akasema bora, tutawashtukiza. Akakodi gari na tukaanza kuzunguka.

Kila tukisimama anashuka na fimbo yake ya simu. Bibi anabaki kwenye gari, miguu imemvimba. Dawa yake ya presha ilikuwa kwenye begi kubwa, na begi kubwa lilikuwa hotelini.

"Maneno, kwa Moinaecha tunaenda saa ngapi?"

"Kesho, mama. Leo mwanga mzuri."

Kesho yake akamuuliza tena.

"Mama, mwanga kama huu hatuupati tena. Vaa fulana tupige ya familia."

Bibi akaivaa. Msione picha ile mtandaoni mkadhani anacheka. Jua lilikuwa linampiga machoni.

Asubuhi iliyofuata nikaenda mwenyewe getini mwa hoteli. Palikuwa na mama mmoja anakaanga mikate. Mimi huyu, ambaye nikitumwa dukani narudi na chenji pungufu kwa kuona haya kudai! Nikamwamkia, nikamuuliza kwa Kiswahili: "Mama, Mwali ni nini?"

Akanishangaa. Akanyoosha mwiko kuelekea baharini, upande wa kusini.

"Mwali kule."

"Siyo mtoto wa mtu?"

"Mtoto?" Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Wanakaa watu kule! Wana mashamba, wana misikiti! Mtoto gani?"

Sikurudi kwa Mjomba. Nilishamwambia, na alishacheka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi, nikapiga magoti, nikamweleza neno kwa neno, na kile kilio alichokisikia kwenye simu. Bibi alivua ile fulana aliyolala nayo, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka.

"Maneno. Pasi yangu."

"Mama, kuna nini tena? Mchana tunapanda mlimani, kesho Nzuani, hoteli imeshalipiwa."

"Siku yuko Mwali. Mwali ni kisiwa. Mjukuu wangu alikwambia."

Mjomba akanitazama. Nikaona kwenye uso wake kwamba ameelewa. Ameelewa kabisa! Lakini pale pale akasema, "Sawa, basi tumalize ratiba, halafu tukirudi tupitie huko."

"Mimi siendi kuangalia mlima wa moto. Lete pasi."

"Mama, mimi ndo kiongozi wa safari."

"Mimi nimekuzaa. Sikujikabidhi kwako."

Mkoba ulikuwa mezani. Nilifungua zipu, nikatoa pasi ya Bibi na yangu, nikampa Bibi.

"Yasmin!" Mjomba alifoka.

"Ni zetu, Mjomba," nilisema. Na safari hiyo sauti ya mbu haikutoka.

Mama alisimama mlangoni. Nilidhani ataniambia nimheshimu mjomba wangu. Akasema, "Nendeni. Mimi nitabaki na huyu mwanaume wa picha, nione ugonjwa wa mtu anaupigaje picha."

Lakini mnadhani ukishaamua tu umefika? Upepo wa kusi ulikuwa umechafua bahari, boti zimezuiwa. Kuna ndege ndogo, imejaa. Tulishinda kwenye benchi la ofisi ya tiketi, tukarudi tena kesho yake. Hapo ndipo simu ya Moinaecha ilipopatikana.

"Mama mkubwa! Mko wapi? Nawangoja siku zote hizi!"

"Tuko Moroni, mwanangu."

"Moroni mnafanya nini?"

Ungemjibu nini? Kwamba kulikuwa na mwanga mzuri?

Siku hiyo hiyo tukapata viti viwili, vya watu walioahirisha. Moinaecha alitupokea, akatupeleka nyumbani kwa wakwe wa Bi Siku, kijiji alikozaliwa marehemu mumewe Bi Siku. Bi Sikudhani alipoona maradhi yamemzidi ndo aliomba arudishwe huko. Njiani Moinaecha akatuambia, bila lawama, na bora angelaumu: "Alikuwa anaongea mpaka juzi. Anakuita wewe. Juzi jioni ndo ulimi ukafunga."

Juzi jioni sisi tulikuwa ufukweni tunavaa fulana.

Bibi aliingia, akakaa kitandani, akaushika mkono wa mdogo wake. Bi Siku akafumbua macho. Alimjua. Akakamata kidole cha Bibi kama mtoto mchanga anavyokamata, asikiachie. Bibi akaongea peke yake kwa niaba ya wote wawili. Alimweleza Masaki yote: nani kafa, nani kaoa, mkorosho gani umeanguka, kisima gani kimekauka. Akiuliza swali, anajijibu. Siku mbili. Alfajiri ya tatu kidole kikalegea.

Mjomba na mama waliwahi mazishi kwa boti, bahari ilipotulia. Begi la Mjomba lilikuwa limeloa maji ya chumvi, nguo kavu iliyobaki ni moja. Akashuka nayo. Ya njano. Watu wa Mwali, waliobeba jeneza, wakasoma kifuani kwake: TUMEKUJA KUMTOA MWALI. Hakuna aliyecheka. Wakadhani wamesoma vibaya. Mjomba akaingia nyuma ya ukuta, akaigeuza ndani nje, akaja kuzika na mishono imemkaa juu.

Siku ya kurudi, Bibi alikataa kupanda.

"Nakaa mpaka arobaini."

"Mama, tiketi yako itakufa."

"Ife. Watu wanakufa, itakuwa tiketi?"

Akabaki. Na mimi nikimpigia sasa najua yuko wapi.

MAFUNZO

Ubaya ulioharibu safari yetu ni kupenda sifa, na ndugu yake ni kutouliza. Vikikaa nyumba moja vinakula watu.

Kama mnapanga safari ya nchi ya visiwa, ya Komoro au nyingine yoyote, anzeni na swali hili: tunakwenda kwa ajili ya nani? Mkishajua, pa mtu huyo ndo pa kwanza kwenye ratiba, siyo pa mwisho. Fukwe hazina ulimi wa kufunga. Jina la mahali lihakikisheni kwenye ramani na kwa mwenyeji, kwa simu ya kusikilizana, hata kama mnadhani mmelielewa. Sisi neno letu wenyewe lilitudanganya. Ulizeni upepo wa majira hayo kabla ya kutegemea boti, na acheni siku za akiba, maana bahari haifuati ratiba ya mtu. Msitake kuzunguka visiwa vyote kwa wiki moja na mzee mwenye presha. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Habari za viza na chanjo ulizeni wahusika, msiulize ukurasa wa mtu. Na wewe mama, wewe bibi, wewe binti: pasi yako ikae kwako. Anayekushikia pasi amekushika mguu.

Mjomba amesikia kwamba naandika. Amesema mambo ya nyumbani hayaanikwi. Mbona picha za Bibi akiwa amevimba miguu zilianikwa? Zipo mpaka leo, zina mioyo myekundu chungu nzima.

Na nyie mabinti wenye haya kama mimi, mniangalie. Nilisema sebuleni, wakacheka. Nikasema uwanja wa ndege, nikatishiwa bajaji. Mara ya tatu sikuwaambia waliocheka. Niliulizia getini, nikamwambia mwenye safari yake, na ndo maana Bi Sikudhani alikufa ameshika kidole cha dada yake. Wakikataa kukusikia, usinyamaze. Tafuta sikio lingine.