Jina Lililoitwa Msituni

Daeng Kanang hakumsamehe mumewe, na mimi jirani yao simlaumu hata kidogo.

Huku kwetu kisiwani Sulawesi hata mlevi anajua: ukiingia msitu wa hifadhi, mtoto wa kike ni Basse, wa kiume ni Baso, basi. Jina la kweli linabaki nje. Daeng Kanang alikuwa mlezi wa vipepeo kwenye banda la wavu katikati ya msitu, na kwa miaka tisa hakuwahi kuteleza. Lakini mumewe, Daeng Sikki (huku kila mtu mzima huitwa Daeng kwa heshima), dereva wa lori mjini Makassar, alikuja kuwatembelea Jumapili moja na ujuaji wake wa mjini. Binti yao wa miaka sita alipomkimbiza kipepeo nje ya njia, baba akapaza sauti.

"Halwiah! We Halwiah, rudi!"

Vipepeo wote bandani wakatua kwa mpigo mmoja.

"Umefanya nini, mwanamume wewe?" mkewe alinong'ona.

"Nimemwita mwanangu. Kwani dhambi?"

"Halwiah," msitu ukaita, kwa sauti ile ile ya Daeng Sikki, naye mdomo kaufumba.

Tangu hapo, kila adhuhuri nyumba yao ilinuka maua yaliyooza, kisha sauti ikaja. Mtoto alikuwa akiacha chakula, anainuka, anakwenda. Siku ya kwanza walimkamata mlangoni. Siku ya pili, mtoni. Siku ya tatu mama alimkuta ndani kabisa ya msitu, miguu imezama matopeni, midomo imepakaa vumbi la mbawa za vipepeo, anatabasamu kwa mtu ambaye mama hakumwona, na alipomvuta mkono alihisi kabisa kuwa upande wa pili kuna mwingine anavuta, polepole, bila haraka yoyote.

Wakamwita mganga, bibi Daeng Ngai. Alileta wali wa kunata wa rangi nne na yai, akaweka chini ya mti, akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Jini huyu hataki wali. Kapewa jina, na jini akipewa jina harudishi. Mwenye jina atakwenda tu."

"Mwenye jina?" Daeng Kanang aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi mpe binti yangu jina jingine sasa hivi. Hilo la zamani nalichukua mimi."

"Loo! Usicheze na moto!"

"Nimeshaungua, bibi. Mpe jina."

Mtoto akapewa jina la Singara. Adhuhuri mama akamfunga kiunoni kwake kwa saruni, wakaingia msituni. Daeng Sikki alibaki njiani analia.

"Halwiah."

"Abee!" Daeng Kanang alijibu, kwa sauti ya kupasua masikio. "Halwiah ni mimi! Huyu ni Singara, hujamwita wewe wala baba yake! Unanitaka? Njoo unibebe basi! Nina kilo themanini, na mdomo wangu hujausikia bado!"

Likaja. Majani yakainama bila upepo, harufu ikamziba pua, nywele zake zikainuka unywele mmoja mmoja kama mtu anazihesabu, kisha zikavutwa kwa nguvu hata shingo ikalia, naye akakita visigino kwenye matope, akamkumbatia mwanawe, akalitukana jini lile, mama yake na ukoo wake mzima, akatukana mpaka sauti ikamkauka, na alipoishiwa matusi akaanza upya.

Nywele zikaachiwa.

Usidhani limeondoka. Adhuhuri linaita mpaka leo. Daeng Kanang hainui hata macho kwenye viwavi wake. "Abee! Nina kazi, subiri!" Upande mmoja wa kichwa chake umekuwa mweupe pe, na usiku analala ameshika nguzo ya kitanda.

Juzi nilikuwa kwao tunakula. Sauti ikaja dirishani kabisa, tamu, ya baba mtu: "Halwiah, mwanangu." Nikaliacha tonge sahanini. Mtoto aliendelea kuchambua miiba ya samaki.

"Mama," akasema, "unaitwa."