Bati la Shimo la Korona

Kila asubuhi Happyness alianza kwa kuwafungulia bata wake. Aliishi kwenye kambi ya zamani ya mkonge, nje ya Kimamba. Kampuni ilikuwa imeondoka kabla hajazaliwa. Kwenye nyumba za wafanyakazi sasa wanaishi wakulima, na nyuma ya korona, kile kiwanda kilichokuwa kikichambua mkonge, wamehamia wafugaji.

Jumamosi moja bata walitoka wakavu kabisa, ingawa mvua ilinyesha usiku.

"Mmeona raha ya bati?" Happyness aliwatania.

Mara akasikia kelele huko korona. Akakimbia. Ndama wa rafiki yake Kishiwa alikuwa ametumbukia kwenye shimo la zamani la kiwanda, matope yamemfika kifuani. Kishiwa alikuwa analia.

"Shikamoo, Balozi," Happyness alimsalimu kiongozi wao wa nyumba kumi.

"Marahaba. Umeona?" Balozi Theodory alifoka. "Mifugo ya wafugaji hawa inazurura ovyo! Kuanzia leo hakuna kuchunga hapa."

Mzee Shimba, baba yake Kishiwa, aliinamisha kichwa tu.

Happyness alitazama ukingo wa shimo. Matofali yaliyokandamiza bati la kulifunika yalikuwa bado pale. Bati lenyewe lilikuwa juu ya banda la bata. Angenyamaza, nani angejua? Lakini ng'ombe wa kina Kishiwa wangekula wapi?

"Bati nimelitoa mimi," alisema. "Bata wangu walikuwa wanalowa."

Mzee Shimba akainua kichwa.

"Yaani bata wamepata nyumba ya bati, ndama wangu akapewa ya matope?"

Kishiwa akacheka huku machozi yanamtoka. Wengine wakafuata.

Wakulima walileta majembe wakachimba mteremko. Wafugaji wakamfunga ndama kamba ya mkonge, wakavuta, Kishiwa akimwita kwa mluzi. Ndama akatoka, akajikung'uta, na matope yakampata Balozi usoni.

"Nimestahili," alisema akijifuta. "Mzee Shimba, nisamehe. Nimekulaumu kabla ya kuuliza. Chungeni kama kawaida."

Jioni Happyness alilirudisha bati, naye Kishiwa akaja na mzigo wa nyasi, wakaliezeka banda. Balozi alipanga matofali juu ya bati, kisha akamgeukia Happyness.

"Mwanangu, kitu kikiachwa na kampuni, bado huenda kinawalinda watu. Uliza kabla ya kuchukua. Na ukikosea, sema mapema kama leo. Ungenyamaza, tungemwonea jirani yetu."

"Nimeelewa, Balozi."

Bata waliingia bandani, wakalitazama paa jipya, wakaanza kuzing'oa nyasi zake.